Pilipili Usiyoila

Wahenga walituachia methali isemayo, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Maana yake sote twaijua: jambo lisilokuhusu usilitie moyoni. Ni methali njema kwa wambeya, na kwa wale wapendao kufunua vyungu vya jirani. Lakini katika miaka niliyofundisha nimeona kwamba methali hii imetoka jikoni ikaingia darasani, na humo darasani imefanya madhara makubwa. Mwanafunzi akiuliza jambo lisilokuwa kitabuni, wenzake humwambia: lakuhusu nini? Akiuliza jambo lisiloleta fedha, wazazi wake humwambia: litakulisha? Akiuliza jambo lisilokuwamo katika mtihani, mwalimu wake humwambia: tuendelee. Nataka kushindana na majibu haya matatu, na ushahidi wangu nitautoa katika pilipili yenyewe.

Kwanza sina budi kuungama, maana si haki mtu kuwashtaki wengine na kujiacha yeye nje ya kizimba. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa na bidii nyingi na haraka nyingi zaidi. Siku moja nilikuwa nikifundisha kidato cha nne habari za milango ya fahamu. Nilikwisha kuchora ulimi ubaoni, na sehemu zake nimeziandika majina. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono, akasema, "Mwalimu, pilipili si moto. Mbona huwasha kama moto? Na mbona huwasha hata ikiingia jichoni, mahali pasipo na ulimi?" Darasa likacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, nilimnyamazisha aliyeuliza. Nilisema, "Hilo halimo katika mtihani." Akaketi. Ukweli ni kwamba sikulijua jibu, wala sikuwa na ujasiri wa kusema sijui. Muhula ukaisha, mtihani ukafanywa, msichana akaondoka shuleni, nami sikuuona tena mkono wake juu.

Swali lile lilikuwa na jibu. Lilikuwa limekwisha kuchapishwa tangu mwaka 1997, na mtu aliyeongoza kazi ya kulitafuta hakuona haya kutumia miaka ya maisha yake katika jambo ambalo darasa langu lililichekea. Jina lake ni David Julius. Msomaji, fuatana nami katika habari za mtu huyu, kisha useme mwenyewe nani alistahili kuchekwa siku ile.

Julius alizaliwa mwaka 1955 katika mtaa wa Brooklyn, New York, katika ukoo wa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Urusi. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1977 katika Massachusetts Institute of Technology. Shahada ya udaktari akaipata mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley. Na huko Berkeley alichunguza nini? Alichunguza hamira. Naam, hamira, ndugu wa hii itiwayo katika unga wa maandazi. Alitaka kujua jinsi seli za hamira zinavyotengeneza kijumbe cha kuitana zinapotaka kuungana.

Hapa namsikia yule mtu wa "litakulisha?" akicheka. Mtoto wa watu kupelekwa chuo kikuu akachunguze hamira! Lakini angoje kidogo. Katika kazi ile Julius na wenzake walitambua kimeng'enya kinachoikata protini ndefu ya hamira ili kijumbe kile kipatikane. Wanasayansi waliokuja baadaye walitafuta katika mwili wa binadamu, wakakuta vimeng'enya vilivyo jamaa ya kile cha hamira. Na baadhi yake ndivyo vinavyoikata protini mama mpaka ikawa insulini, kitu ambacho mwili ukikikosa mtu hupatwa na kisukari. Aliyeuliza habari za hamira hakuwa akitafuta insulini. Lakini njia iliyofika kwenye kweli ile ilipita katika hamira, na kama angaliulizwa "litakulisha?" akaona haya, njia hiyo ingalibaki bila wa kuipita mpaka atokee mwingine asiyeona haya.

Baada ya hapo Julius alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika maabara ya Richard Axel, na huko akaingia katika somo lililoshika maisha yake yote: vipokezi. Nitaeleza neno hili, maana bila ya kulielewa hatuwezi kuendelea. Seli ni kama nyumba iliyozungushiwa ukuta. Habari za nje haziingii ovyo. Ukutani zimesimama protini maalumu, kila moja ikingoja mgeni wake. Mgeni akifika, protini hujikunja au hujifungua, na ndani ya seli habari huenea. Protini hizo ndizo vipokezi. Kipokezi hufanana na kitasa, na kijumbe hufanana na ufunguo: ufunguo usio wake hauzungushi kitu. Mwaka 1988 Julius alikuwa miongoni mwa waliotangaza kupatikana kwa jeni ya kipokezi kimoja cha serotonini, ambayo ni kijumbe cha ubongoni. Kisha akaajiriwa na Chuo Kikuu cha California, huko San Francisco, akawa na maabara yake mwenyewe. Ndipo lilipomjia swali la pilipili.

Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba ukali wa pilipili hutokana na kitu kimoja, nacho huitwa kapsaisini. Ilijulikana pia kwamba kitu hicho huziamsha neva zinazopeleka habari za maumivu. Lisilojulikana ni kitasa chake. Wengine walitia shaka kama kitasa hicho kipo. Julius na wenzake, akiwamo Michael Caterina, walikata shauri la kukitafuta. Walichukua neva za maumivu za wanyama wa jamii ya panya, wakakusanya nakala za jeni zinazofanya kazi ndani yake. Vipande hivyo vilikuwa mamilioni. Wakavigawa mafungu mafungu, wakavitia katika seli zilizokuzwa maabarani, seli ambazo kwa asili yake hazina habari na pilipili. Wakazitia rangi ambayo hung'aa kalsiamu inapoingia ndani ya seli. Kisha wakazimiminia kapsaisini, wakatazama katika hadubini.

Mafungu mengi yalikaa kimya. Hatimaye katika fungu moja seli chache zikang'aa. Fungu hilo likagawanywa katika mafungu madogo zaidi, kila fungu likajaribiwa. Lile lililong'aa likagawanywa tena, na tena, hata ikabaki jeni moja peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa jeni ya kipokezi cha pilipili, ambacho leo huitwa TRPV1. Habari zake zilitangazwa katika jarida la Nature mwaka 1997.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa lile lililofuata. Waliokipata kipokezi hicho walijiuliza: je, kipokezi hiki kiliwekwa mwilini kingoje pilipili? Haiwezekani, maana viumbe wengi huishi na kufa bila ya kuonja pilipili. Basi wakakijaribu kwa joto. Joto lilipofika karibu nyuzi 43 za Selsiasi, mlango uleule ukafunguka. Kipokezi cha pilipili ni kipokezi cha joto liumizalo! Pilipili haichomi kitu. Huuzungusha ufunguo wake katika kitasa cha moto, na ubongo hupokea habari ya moto pasipo na moto. Na kwa kuwa neva zenye kitasa hicho zimo ulimini, machoni na katika ngozi, pilipili huwasha popote inapozikuta. Ukali wake si ladha; ni maumivu. Hivyo maswali yote mawili ya msichana yule yamepata jibu.

Sasa tega sikio. Lugha yetu husema: washa moto, washa taa. Lugha hiyohiyo husema: pilipili inawasha. Sidai kwamba lugha ni maabara, maana twasema pia kwamba upele huwasha. Ninalosema ni hili: ushahidi ulikuwa vinywani mwetu kila siku, katika neno na katika chakula, nasi tuliumeza bila kuuhoji. Pilipili ilitoka Amerika, ikasambazwa na mabaharia wa Kireno, ikaota katika mashamba yetu. Tumeila kwa karne nyingi, tumeitungia methali, tumewatishia nayo watoto. Katika darasa langu mtu mmoja tu aliihoji, nami nilimketisha.

Tena swali jema halizai jibu moja likakoma. Umepata kumwona kuku akidonoa pilipili? Huimeza kama punje ya mtama, wala hatafuti maji. Mwaka 2002 Julius na mwenzake Sven-Eric Jordt walionyesha sababu: kuku anacho kipokezi hicho, na joto hukifungua, lakini umbo lake limetofautiana kidogo na letu, na ufunguo wa kapsaisini haukikuti vyema. Hivyo ndege humeza mbegu nzima na kwenda kuidondosha mbali, nayo huota. Lakini mnyama mwenye meno, ambaye angeisaga, hufukuzwa kwa maumivu. Mwaka huohuo maabara ya Julius ilitangaza kipokezi cha baridi, ambacho hufunguliwa pia na ule ubaridi wa mnanaa. Na mtu mwingine, Ardem Patapoutian, alikuwa amekifikia kipokezi hichohicho kwa njia yake. Mwaka 2013 Julius na Yifan Cheng wakalionyesha umbo la kipokezi cha pilipili kwa hadubini ya elektroni, baada ya kukigandisha. Na mwaka 2021 Julius na Patapoutian wakatunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba. Tangu 1997 mpaka 2021 ni miaka 24. Anayetaka sifa za kesho asubuhi na azihesabu miaka hiyo.

Mtu wa "litakulisha?" bado hajaridhika. Anauliza: na faida yake? Nami sitamdanganya. Kampuni za dawa zilipojua habari za kipokezi hiki zilitengeneza dawa za kukiziba ili maumivu yakome. Dawa kadhaa zilipojaribiwa kwa watu zilipandisha joto la mwili, na wengine wakapungukiwa na uwezo wa kutambua kitu cha moto kinachoweza kuwaunguza. Dawa iliyotarajiwa haikupatikana kwa wepesi uliotarajiwa. Je, kazi ilikuwa ya bure? Sivyo. Hata kushindwa huko kulifundisha kwamba kipokezi hicho kina sehemu katika kulinda joto la mwili, na kwamba maumivu si adui tupu, bali ni mlinzi. Leo twajua kwa nini kidonda kilichovimba huuma hata kikimwagiwa maji ya vuguvugu: vitu vinavyotokea penye uvimbe hukilegeza kitasa, hata joto dogo likaweza kukifungua. Twajua pia kwamba kapsaisini nyingi ikikaa juu ya neva huzichosha zikanyamaza. Na mwaka 2009 kiraka chenye dawa hiyo kiliidhinishwa Marekani kwa ajili ya maumivu yanayobaki baada ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Faida ipo, lakini huja kwa wakati wake na kwa mlango wake. Haiitwi kama mbuzi.

Sasa nawageukia nyinyi wanafunzi, maana hamtatoka katika insha hii bila lawama. Wako miongoni mwenu wanaopenda kuuliza lakini hawapendi kutafuta. Huuliza ili mwalimu apoteze saa, au waonekane werevu. Jibu likichelewa, swali wamekwisha kulisahau. Swali la namna hiyo ni kelele. Tazameni aliyofanya Patapoutian. Alizaliwa Beirut, akaikimbia vita ya Lebanoni, akafika Marekani mwaka 1986 akiwa kijana. Alipotaka kujua seli hutambuaje kwamba zimeguswa, yeye na mwenzake Bertrand Coste walitafuta seli inayotoa umeme mdogo inapobonyezwa kwa ncha nyembamba ya kioo. Kisha wakaandika orodha ya jeni 72 zilizoshukiwa, wakaanza kuzizima moja baada ya moja na kuibonyeza seli tena. Seli ikaendelea kujibu, jeni baada ya jeni. Ya mwisho katika orodha ndiyo iliyokuwa yenyewe, na mwaka 2010 wakaitangaza. Jiulize, msomaji: wewe ungaliachia jeni ya ngapi? Ya kumi? Ya ishirini? Wengi wetu huacha hesabu ya tatu katika zoezi la hesabu tano.

Na wako wengine wanaosema: hayo ni ya nchi tajiri, sisi maabara hatuna. Neno hili lina ukweli ndani yake, na ukweli lazima ukubaliwe. Kuuliza swali la pilipili kulikuwa bure, lakini kulijibu hakukuwa bure. Kazi ya Julius ilitegemea fedha za serikali ya Marekani, yaani kodi za watu ambao wengi wao hawakujua kwamba wanalipia uchunguzi wa pilipili. Basi wale kati yenu watakaokabidhiwa hazina ya nchi, na miongoni mwenu wamo, wakumbuke jambo hili: taifa linalogharimia tu kile kitakacholeta faida mwaka ujao litakuwa mteja wa majibu ya wengine, na bei ataitia muuzaji. Lakini ukosefu wa maabara haujapata kumzuia mtu kuuliza. Kuku hana tikiti ya kuingilia. Humdonolea pilipili yeyote mwenye macho. Mtu akiwashwa kinywani, maji hayamsaidii sana, lakini maziwa humtuliza. Chunguza ni kwa nini, jikoni kwenu, leo jioni. Ukikuta kwamba kapsaisini huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, utakuwa umeanza kazi, na hakuna waziri aliyetia sahihi.

La mwisho nawaambia walimu wenzangu, nami mwenyewe nikiwa wa kwanza katika safu. Twasema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, kisha anayeuliza twamwambia kwamba swali lake halimo katika mtihani. Mtihani hupima yale ambayo watu wamekwisha kuyajua. Ni kazi ya lazima, wala sishauri mtu auache. Mwanafunzi asiyejua yaliyokwisha kujulikana hawezi kutambua lisilojulikana liko wapi, na Julius hakufika penye pilipili bila ya kupita mitihani mingi. Lakini mtihani ni ua wa shamba, si shamba lenyewe. Mwalimu asemaye "sijui, tutafute" hapungukiwi na heshima hata kidogo. Mwalimu asemaye "halimo" hujificha nyuma ya ua, kama nilivyojificha mimi.

Msichana yule sijui yuko wapi leo. Pengine ni mfanyabiashara, pengine ni mama wa watoto, pengine ni mwalimu naye. Nimemtajia jibu lake hapa, ingawa limechelewa, kwa matumaini kwamba kitabu hiki huenda kikapita mikononi mwake au mwa mtoto wake. Kwako wewe usomaye nina ombi moja. Ukiwa na swali ambalo limekuwasha, usilizime kwa sababu wenzako wamecheka, wala kwa sababu mwalimu ana haraka. Liandike katika ukurasa wa nyuma wa daftari lako, na tarehe yake. Ulirudie kila umalizapo kujifunza jambo jipya, uone kama umelikaribia. Na kesho, darasa likiwa kimya na mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali, inua mkono.